Nani Nahodha wa Mgonjwa Wetu?

Na Mwandishi Wetu

Familia moja yenye asili ya Tanga, ambayo watoto wake wametawanyika baina ya Dar es Salaam, Muscat na jimbo la Ohio nchini Marekani, ilitusimulia kisa kilichowafika, ikatuomba tukiandike bila ya kutaja majina ili familia nyingine zipate kujifunza. Mama yao, mtu mzima aliyekwishapita miaka 70, alikwenda Marekani kumwangalia binti yake aliyejifungua. Wiki ya tatu akashikwa na homa na kikohozi, pumzi zikawa zinambana, akakimbizwa hospitali. Vipimo vikaonesha nimonia. Akalazwa.

Usiku ule alipokewa na daktari wa idara ya dharura. Asubuhi akaja daktari mwingine, kijana mpole, akajitambulisha kuwa ndiye atakayemsimamia. Alimpitia kila siku na hakuchoka kueleza. Siku ya nne binti alifika wodini akamkuta daktari wa tatu amesimama kando ya kitanda cha mama yake.

"Yule wa jana yuko wapi?" aliuliza.

Akajibiwa kwamba zamu yake imekwisha, na kwamba atarudi kazini baada ya wiki nzima. Jioni kaka yake akapiga simu kutoka Dar es Salaam. "Hebu niambie, mdogo wangu, daktari wa mama ni nani hasa?" Binti hakuwa na jibu.

Siku ya sita mama aliruhusiwa. Alipokuwa wodini, vidonge vyake vya kisukari vilisimamishwa akawa anachomwa insulini, kama ilivyo desturi ya hospitali nyingi. Sasa daktari alieleza kwamba mgonjwa arudie dawa yake ya sukari, na akamwandikia vidonge vinavyoitwa glyburide. Binti, akiwa na kichanga mikononi, alimfasiria mama yake kwa ufupi: "Mama, endelea na dawa zako, na hizi hapa nyingine." Ndani ya mkoba wake mama alikuwa na vidonge alivyotoka navyo Tanga, vinavyoitwa glibenclamide. Kwa kuwa ni mtu wa kushika dozi kama anavyoshika swala, alimeza hivi na vile. Siku ya pili binti alikwenda kumwamsha kwa Swala ya Alfajiri, akamkuta ametota jasho na maneno yake hayaeleweki. Sukari ilikuwa imeshuka mno. Walimrudisha hospitali, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu akasalimika.

Glyburide na glibenclamide ni dawa moja. Wamarekani wanaiita kwa jina la kwanza, nasi pamoja na sehemu kubwa ya dunia tunaiita kwa jina la pili.

Daktari alidhani anamrudishia mgonjwa dawa yake ile ile. Mama alidhani ameongezewa dawa mpya. Binti alidhani madaktari wote wale wamekwishazungumza baina yao. Kila mmoja alitenda kwa nia njema, na nusura roho ya mtu ipotee. Wahenga wetu wa pwani walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Leo tungependa kumweleza nahodha huyu wa wodi za Marekani, kwa kuwa ndugu zetu wengi walioko huko hukutana naye siku ambayo akili imetaharuki, na kwa kuwa uzi uliokatika katika kisa hiki unaweza kukatika katika wodi yoyote, hata ya hapa kwetu.

DAKTARI WA WODI NI NANI?

Wamarekani wanamwita hospitalisti. Katika makala hii tutamwita daktari wa wodi, maana wodi ndiyo makazi ya kazi yake. Ni daktari kamili, aghalabu aliyesomea magonjwa ya ndani ya watu wazima, aliyeamua kuwa kazi yake yote iwe kwa wagonjwa waliolazwa. Hana kliniki mtaani, wala hafuatani na mgonjwa nyumbani. Mgonjwa anapoingia wodini huwa wake, na anapotoka mlangoni humrudisha kwa daktari wa familia.

Asubuhi hupokea taarifa kutoka kwa mwenzake aliyekesha. Kisha hupita kitanda kwa kitanda, huwapima wagonjwa, husoma majibu ya maabara, huandika dawa na kuzifuta. Akiona moyo au figo zinahitaji jicho la bingwa, humwita bingwa. Familia nyingi hukosea hapa. Huona madaktari watano wakipishana kitandani, wakadhani kila mmoja ana mamlaka yake. Kwa kawaida mabingwa hao wanatoa ushauri, na daktari wa wodi ndiye anayeukusanya, kuupima na kuamua. Akisema bingwa wa moyo kwamba mgonjwa apunguziwe maji mwilini, na akasema bingwa wa figo kwamba aongezewe, daktari wa wodi ndiye mwenye kuwapatanisha.

Kwa siku moja huwa na wagonjwa 15 au zaidi. Wengi wao hufanya zamu ya saa 12 kwa siku 7 mfululizo, kisha hupumzika siku 7. Ndiyo sababu yule kijana mpole wa kisa chetu alitoweka siku ya nne. Hakumtelekeza mgonjwa wake. Wiki yake ya kazi ilikuwa imetimia.

ALITOKEA WAPI?

Zamani, Mmarekani alipolazwa, daktari wake wa familia alimfuata wodini. Alipita kumwona asubuhi na mapema kabla ya kufungua kliniki, na pengine tena jioni baada ya kuifunga. Alimjua mgonjwa, mke wake, kazi yake na dawa alizokuwa akizitumia tangu miaka. Ila kwa saa zote za katikati daktari hakuwapo. Mgonjwa akibadilika saa tano za asubuhi, muuguzi alipiga simu kliniki na kungoja.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1983, pale bima ya serikali ya wazee nchini humo, Medicare, ilipoanza kuzilipa hospitali kiasi maalumu kwa kila aina ya ugonjwa badala ya kulipia gharama zote za kulazwa. Tangu hapo kila siku iliyozidi ikawa gharama ya hospitali yenyewe, na hospitali zikataka awepo mtu wa kusukuma matibabu mchana kutwa. Madaktari wa familia nao waliona kwamba safari ya kwenda kuwaona wagonjwa wawili au watatu waliolazwa inawapotezea nusu ya siku.

Mwezi wa Agosti 1996, madaktari wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, Robert Wachter na Lee Goldman, waliandika makala katika jarida la New England Journal of Medicine wakaipa kazi hii jina. Mwaka 2003 likaja shinikizo jingine. Madaktari waliomo mafunzoni, ambao ndio waliokuwa wakibeba mzigo wa wodi katika hospitali za kufundishia, waliwekewa kikomo cha saa 80 za kazi kwa wiki, na pengo lililobaki likazibwa na madaktari wa wodi. Ilipotimia miaka 20, Wachter na Goldman waliandika tena, wakaeleza kwamba idadi yao imezidi 50,000.

Tusisahau kwamba daktari mwenye zamu ndani ya hospitali si jambo geni katika historia ya Waislamu. Bimaristani ya Adudi ilipofunguliwa Baghdad karibu na mwaka 982, wanahistoria wanataja kwamba iliajiri madaktari 24, wenye fani mbalimbali, waliopokezana zamu za mchana na usiku. Wazee wetu walielewa mapema kwamba mgonjwa aliyelazwa anahitaji mtu aliye karibu naye.

NA KWETU JE?

Msomaji wa Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa huenda akauliza: kuna jipya gani hapo? Kwetu hatujazoea daktari wa mtaani kumfuata mgonjwa hadi wodini. Katika hospitali za serikali tumerithi utaratibu wa Waingereza, ambao daktari wa mtaa hubaki mtaani na daktari wa hospitali hubaki hospitalini. Wodi husimamiwa na bingwa, chini yake wapo madaktari wengine na wale waliomo mafunzoni, na asubuhi hupita raundi. Usiku hubaki daktari wa zamu, ambaye pengine ana wodi kadhaa mikononi mwake.

Katika hospitali nyingi za binafsi hali inafanana zaidi na ile ya Marekani ya zamani. Bingwa uliyemchagua huja asubuhi, akaenda zake kwenye kliniki nyingine, akarudi jioni. Katikati ya hapo wodi huwa chini ya daktari wa zamu ambaye huenda hujawahi hata kuuliza jina lake.

Kwa hiyo tofauti ni ya sura tu. Popote utakapolazwa leo, iwe Ohio au Tanga, utapita katika mikono mingi, na kila unapopita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kuna jambo linaloweza kudondoka njiani.

FAIDA NA UPUNGUFU

Haki ni kusema yote mawili. Daktari aliye wodini kutwa anamjia mgonjwa kwa dakika chache hali ikibadilika. Ameuona ugonjwa ule ule mara nyingi, anazijua njia za hospitali yake, na familia inaweza kumpata mchana bila ya kusubiri mtu afunge kliniki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa 76,926 katika hospitali 45 za Marekani, ulionesha kwamba waliosimamiwa na madaktari wa wodi walikaa hospitali muda mfupi kidogo kuliko wenzao, kiasi cha sehemu 4 katika 10 za siku, wala vifo havikuzidi.

Upungufu uko upande wa pili wa mlango. Mwaka 2011 watafiti wawili, Kuo na Goodwin, walichapisha uchunguzi wao juu ya wazee wenye bima ya Medicare. Waliona kwamba wagonjwa wa madaktari wa wodi walitoka mapema, na gharama ya kulazwa ilipungua kwa dola 282. Lakini katika siku 30 zilizofuata, gharama zao ziliongezeka kwa dola 332, kwa kuwa walirudi zaidi kwenye idara ya dharura na kulazwa upya. Kilichookolewa ndani kilipotea nje, na juu yake kikaongezeka.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Daktari anayekuruhusu hatakuona tena. Daktari atakayekuona baada ya wiki mbili hakuwapo ulipolazwa. Baina yao kuna karatasi, na karatasi hiyo huchelewa, au huwa na kurasa nyingi zisizosomwa, au, kama alivyokuwa mama yetu wa Tanga, mgonjwa ni mgeni asiye na daktari wa familia wa kupelekewa.

Madaktari wenyewe wanaijua hatari hii. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti katika hospitali 9 za watoto za Amerika ya Kaskazini, ambapo madaktari walifundishwa utaratibu maalumu wa kukabidhiana zamu. Kila anayeondoka alitakiwa aeleze ukali wa hali ya mgonjwa, muhtasari wa ugonjwa wake, mambo ya kufanywa, na yanayoweza kutokea usiku. Kisha anayepokea alitakiwa arudie kwa maneno yake mwenyewe alichokisikia. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yaliyoweza kuzuilika kwa asilimia 30. Hapakuongezwa dawa wala mashine. Kilichoongezwa ni namna ya kusema na kusikiliza.

Ikiwa madaktari waliosoma miaka mingi wanahitaji kufundishwa kukabidhiana, familia nayo inahitaji zaidi. Katika mlolongo wote huu mtu pekee aliyekuwapo kabla ya kulazwa, wakati wa kulazwa na baada ya kutoka ni jamaa wa mgonjwa.

WAJIBU WA FAMILIA

Dini yetu imeifanya ziara ya mgonjwa kuwa haki ya Muislamu juu ya nduguye. Alhamdulillah, katika hili hatuna uvivu. Wodi hujaa jamaa, chai huletwa kwa chupa, dua husomwa. Lakini mara nyingi jamaa 20 huja, kila mmoja akamuuliza daktari swali lile lile, na hakuna hata mmoja anayeandika jibu. Tunashauri haya yafuatayo.

Kwanza, mchagueni msemaji mmoja. Awe mtulivu, mwenye kuweza kufika wodini au kupokea simu, na mgonjwa mwenyewe awe ameridhia. Huyo ndiye atakayezungumza na daktari, kisha awafikishie wengine. Mwambieni daktari na muuguzi jina lake na namba yake, na daktari anapobadilika, mwambieni yule mpya vilevile. Si lazima awe mtoto mkubwa wa kiume. Mara nyingi anayejua dawa za mama ni binti anayeishi naye, na heshima ya kaka mkubwa haipungui kwa kumwachia mdogo wake kazi anayoiweza.

Pili, ulizeni kila siku maswali matatu: Nani anayemsimamia mgonjwa leo? Leo kunatarajiwa kufanywa nini? Ni jambo gani linalomzuia asirudi nyumbani? Maswali haya hayamkeri daktari mwenye kuijua kazi yake, wala si utovu wa adabu. Ulizeni pia saa ambayo daktari hupita, ili msemaji awepo. Katika hospitali nyingi ni asubuhi, wakati ambao wageni wetu hawajafika.

Tatu, pelekeni dawa zenyewe. Kusema "vile vidonge vyeupe vya presha" hakumsaidii daktari. Pelekeni maboksi na chupa, au zipigeni picha kwa simu maandishi yakionekana, pamoja na dawa za kienyeji na za mitishamba, hata kama mnaona haya kuzitaja. Anayesafiri kwenda Marekani ajue kwamba majina hubadilika. Paracetamol yetu kwao ni acetaminophen. Salbutamol ya wenye pumu kwao ni albuterol. Na hiyo glibenclamide tumekwishaieleza. Swali la kumuuliza mfamasia ni hili: "Je, dawa hii ni ile ile niliyo nayo nyumbani kwa jina jingine?"

Nne, takeni mkalimani. Sheria za Marekani zinazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumpatia mkalimani, bila ya malipo, mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri. Kiswahili kimo katika lugha zinazopatikana, aghalabu kwa simu au kwa video. Tusimfanye mtoto wa shule kuwa mfasiri wa nyanya yake. Hata mtu mzima aliyezaliwa na lugha zote mbili, akiwa na uchungu na uchovu, hufupisha. Binti wa kisa chetu alitufikishia jambo hili kwa machozi: sentensi yake moja fupi ilitosha kuleta balaa.

Tano, elezeni mambo ya ibada mapema. Mgonjwa anayetaka kuendelea na funga ya Ramadhani aseme, ili daktari ama apange dawa kwa futari na daku, ama amweleze wazi kwamba funga itamdhuru. Sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na kuipokea ruhusa hiyo ni utiifu. Asiyeweza kutumia maji ana tayamamu, asiyeweza kusimama huswali ameketi au amelala. Mwanamke anayependa kupimwa na daktari au muuguzi wa kike aombe tangu siku ya kwanza, na familia ikumbushe zamu inapobadilika, kwani ombi hili nalo hupotea katika makabidhiano.

Sita, jiandaeni kwa swali zito. Katika hospitali za Marekani, daktari wa wodi huwauliza karibu wagonjwa wote watu wazima wanapolazwa: moyo ukisimama, je, unataka tujaribu kuushtua na kukuwekea mashine ya kupumua? Familia nyingi za kwetu hushtuka, zikaona daktari amekwishamkatia tamaa mzee wao. Sivyo. Ni swali la utaratibu, huulizwa hata kwa aliyelazwa kwa jambo dogo, kwa kuwa saa ya dharura hakuna nafasi ya kuuliza. Lililo bora ni mgonjwa kumteua mapema, kwa maandishi, mtu wa kumwamulia endapo hatoweza kusema, na familia kumshauri mwanachuoni anayeaminika wakati wa utulivu. Wasia wetu hushughulika sana na nyumba na mashamba. Na mwili nao ni amana.

SIKU YA KURUHUSIWA

Hatari iliyomfika mama yetu ilikuwa katika saa ile ambayo kila mtu ana furaha na haraka. Gari linangoja nje, mgonjwa anataka kitanda chake, muuguzi anataka kumpokea mgonjwa mwingine. Hapo ndipo msemaji wa familia anapotakiwa awe mzito kidogo wa kuondoka.

Aketi na daktari au muuguzi, karatasi ikiwa mkononi, aulize kuhusu dawa kwa mafungu manne: zipi za zamani zinaendelea, zipi zimesimamishwa, zipi ni mpya, na zipi zimebadilishwa kipimo. Kisha arudie kwa maneno yake mwenyewe aliyoyaelewa, kama wale madaktari wanavyofundishwa wao kwa wao. Aulize ni dalili gani zikitokea warudi hospitali bila ya kungoja. Aulize pia kama kuna majibu ya vipimo ambayo hayajatoka, na nani atakayewapigia simu yakitoka. Mwisho, asiondoke bila ya kujua ni daktari gani atakayemwona mgonjwa, na lini. Asiye na daktari wa familia aombe hospitali imsaidie kumpata.

Tangu Oktoba 2012 serikali ya Marekani huzikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wa maradhi fulani, nimonia ikiwamo, hurudi kulazwa kwa wingi ndani ya siku 30. Kwa sababu hiyo hospitali nyingi humpigia simu mgonjwa siku chache baada ya kutoka. Ndugu zetu wengi hawapokei namba wasizozijua, wakidhani ni wadai au matapeli. Ulizeni kabla ya kuondoka kama simu hiyo itakuja, na ikija ipokeeni. Huenda aliyeko upande wa pili ndiye atakayegundua kwamba vidonge viwili vyenye majina mawili ni kimoja.

Na kwa wenye wagonjwa wa kisukari, popote walipo: jasho jingi, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika au usingizi usio wa kawaida ni dalili za sukari kushuka. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe haraka maji ya sukari au juisi yenye sukari, kisha apelekwe hospitali ikiwa anatumia vidonge vya aina hii, kwani athari yake hudumu na sukari inaweza kushuka tena. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni. Aitiwe msaada mara moja.

NAHODHA NA MSHIKA TANGA

Hatukuandika haya ili kuwalaumu madaktari. Yule aliyemtibu mama yetu nimonia yake ndiye aliyemwokoa na mauti ya kwanza, na mwenziwe akamwokoa na ya pili. Daktari wa wodi ni nahodha mwenye ujuzi, lakini ni nahodha wa kipande kimoja cha safari. Atashuka katika bandari inayofuata na mwingine atapanda. Anayebaki chomboni tangu kung'oa nanga hadi kufika ni familia. Kuomba dua na kushika tanga ni mambo ya kwenda pamoja, na kutawakali hakukuja kutuondolea wajibu wa kufunga ngamia.

Mama sasa amerejea Tanga. Ndani ya mkoba ule ule ana karatasi moja iliyokunjwa, ambayo mjukuu wake ameandika kwa herufi kubwa kila dawa anayoitumia, kipimo chake, na majina yake mawili pale yalipo mawili. Juu kabisa imeandikwa namba ya simu ya binti mmoja, ambaye familia nzima, kuanzia Muscat hadi Ohio, imekubaliana kuwa ndiye msemaji. Karatasi hiyo haikuwagharimu hata shilingi, na tunaiombea kila nyumba iwe nayo kabla ya siku ya kuihitaji.

Tunamuomba Allah, Mwenye kuponya, awape shifaa wagonjwa wetu walioko majumbani na mahospitalini, awalipe kheri wanaowauguza usiku na mchana, na atujaalie tuwe wenye kuitunza amana ya wazazi wetu kama walivyotutunza sisi tulipokuwa wadogo. Amin.